Nyota Tuliyoamka Nayo

Miezi ya kiangazi, jua likishazama upande wa Kongo na anga ikiwa bado na weupe kidogo, ukisimama uani kwetu Kasingirima, mtaa wa Ujiji, ukatazama kaskazini utaona nyota moja yenye rangi ya chungwa lililoiva. Hutokeza kabla ya nyota karibu zote za upande ule. Haihitaji darubini wala macho makali. Hata bibi mwenye nyumba wetu, aliyekuwa akishindwa kuona sindano mkononi mwake mwenyewe, aliiona. Watu hupita chini yake wakienda msikitini na wakirudi sokoni bila kuinua shingo. Mimi huinua. Nyota hiyo ndiyo niliyoifuata nikiwa na miaka kumi na minne, na kwa kuifuata nikampoteza mdogo wangu wa mwisho.

Zamani nilikuwa nikisema nilimuua. Mdogo wangu wa kike alinikataza kulitumia neno hilo, nami nimelibadilisha kwa ajili yake. Jambo lenyewe halikubadilika.

Tulikuwa watatu. Mimi mkubwa, kisha huyo wa kike aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, kisha kitindamimba, mvulana ambaye hakuwa ametimiza mitatu. Baba alibaki Burundi, ndani ya ardhi. Mama alituvusha kwa mtumbwi, tukishuka na ukingo wa ziwa kwa siku tatu, tukijificha kwenye matete mchana. Tulipotua Kigoma tulikuta watu wengi wamekaa chini kwenye mistari, wakisubiri malori ya kwenda kambini. Mama naye alikaa. Mbele yetu kulikuwa na mwanamke mwenye watoto wanne. Lori la kwanza lilijaa watoto wake wawili wakiwa wamekwisha pandishwa, akaambiwa atawafuata kwa lori la pili. Lori la kwanza likaondoka. La pili, tulisikia, lilikuwa linakwenda kambi nyingine. Yule mwanamke hakulia. Alisimama tu na viatu vya mtoto mkononi. Mama alituangalia, akainuka polepole kama mtu anayekwenda kujisaidia, nasi tukamfuata. Hatukurudi kwenye mstari.

Alikuwa akimjua mtu mmoja Ujiji, bibi aliyewahi kuvuka hadi kwetu Rumonge kununua mawese. Tuliuliza mpaka tukamfikia.

"Shikamoo, bibi," mama alisema mlangoni.

"Marahaba. Weye si yule wa dagaa? Umekonda. Ingieni, ingieni. Chumba ninacho kimoja, paa linavuja upande wa mlango, kwa hiyo laleni upande wa ukuta. Na mjumbe akiwauliza, nyie ni Waha wa Manyovu, ndugu za marehemu mume wangu."

"Kumbe marehemu alikuwa Muha?"

"Alikuwa Mmanyema. Lakini amekwisha kufa, nani atakwenda kumuuliza?"

Mama alicheka. Nalikumbuka cheko lile kwa sababu baada yake sikulisikia tena mara nyingi.

Kazi mama aliyoijua ni ya dagaa, na ziwa lilikuwa lilelile, ila sasa tuliliangalia kutoka upande wa chini. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mwezi. Wavuvi huenda na taa za karabai, samaki hufuata mwanga, na alfajiri mitumbwi hurudi mwaloni, pale ufukweni inapopakuliwa. Siku hizo za kazi watu wote wa pwani huziita giza. Mwezi ukijaa, samaki hawaoni sababu ya kuifuata taa, mitumbwi hulala, na hizo ndizo siku za mbalamwezi, siku za kushona nyavu na kukopa chumvi. Kwa hiyo mwaka wetu haukuwa na wiki wala Jumapili. Ulikuwa na giza, na mbalamwezi, na giza tena.

Kazi ya wanawake ilikuwa kupokea dagaa wabichi, kuwamwaga mchangani, kuwatandaza mmojammoja wasilaliane, kuwageuza, kuwalinda na ndege, kisha kuwaanua. Wenye mali walichukua waliofika kwanza. Aliyefika mitumbwi imeshapakuliwa alirudi nyumbani mikono mitupu. Kutoka Kasingirima hadi mwalo ule ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu ya watoto, nasi hatukuwa na saa ya mkono wala ya ukutani. Mama aliamka kwa nyota.

Kule kwetu wanawake wa dagaa walifanya hivyo tangu zamani. Kila giza lina nyota yake. Unachagua ile inayochomoza juu ya vilima vya mashariki wakati ambao ukitoka nyumbani utafika ufukweni pamoja na mwanga. Giza likiisha, unaiacha, unachagua nyingine. Tulipofika Ujiji mama alikuwa akiamka na moja nyeupe. Kisha siku moja, mbalamwezi ilipokuwa inaisha, aliniita uani akanionyesha kwa kidole, juu ya mgongo wa kilima, ile ya chungwa.

"Giza hili tunaamka na hiyo," alisema. "Ile nyeupe imetutangulia sana."

Nilisikia kama mtoto anavyosikia mama akisema leo tupikie sufuria hii. Sikuuliza kwa nini. Niliona tu kwamba hiyo ya pili ilikuwa nzuri zaidi, nikadhani ameipenda kwa uzuri wake. Shule niliiacha mwaka wa tano, vita vilipoanza, na kama kuna mwalimu aliyekuwa amepanga kutufundisha habari za nyota, sikukaa mpaka akafika hapo.

Kwa giza zima tuliamka nayo. Paa letu lilikuwa na mwanya upande wa mashariki, na mama alilala uso ukiwa umeelekea huko. Nyota ikiingia kwenye mwanya, alitugusa mabega. Tulitembea, na katikati ya njia adhana ya alfajiri ilitukuta, msikiti mmoja ukianza na mwingine ukiupokea. Tulifika ufukweni mchanga ukianza kuonekana rangi yake. Mitumbwi nayo ilikuwa inaingia. Mama hakukosea hata siku moja.

Giza lilipokaribia kuisha alishikwa na homa. Siku ya kwanza alitembea nayo. Siku ya pili alikaa. Siku ya nne alikuwa hasemi Kiswahili tena, anasema Kirundi tu, na maneno yenyewe yalikuwa ya watu wa utotoni mwake ambao mimi sikuwajua. Lakini jioni alinijua mimi. Alinishika hapa, juu ya kiwiko, akasema, "Ntimutandukane." Msitengane. Alisema mara mbili. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, na ingawa hakujua Kirundi alilielewa, kwa sababu Waha wanalisema karibu vilevile.

Basi alipokufa nilibaki na kazi hiyo moja: kutotengana. Nilikuwa tayari kwa lolote, ila si kutengana. Habari zilikuwa zikisemwa sokoni kwamba watoto wa wakimbizi wasio na wazazi wakikutwa majumbani wanachukuliwa, mkubwa kambi hii, mdogo kambi ile. Niliapa kwamba hakuna atakayemkuta mmoja wetu bila wengine. Tulikwenda kisimani watatu, sokoni watatu, hata chooni usiku tulikwenda watatu, bibi akitucheka kwamba tunatembea kama mkungu wa ndizi.

Siku za mbalamwezi zilipita tukiwa katika msiba. Kisha mwezi ukaanza kuchelewa, giza jipya likaingia, nami nikalala uso nikiuelekeza kwenye mwanya wa paa.

Haikunijia hata kidogo kuchagua nyota nyingine. Ile ya chungwa ilikuwa nyota ya mama. Nguo zake tulikuwa tumekwisha kuzigawana, kitenge chake nikambebea mdogo wetu, kitambaa cha kichwa akapewa huyu wa kike. Nyota ilikuwa kitu pekee cha mama kilichobaki kizima. Ilipoingia mwanyani niliwagusa mabega, kama yeye, tukatoka.

Sasa najua kwamba tulikuwa tunatoka zaidi ya saa nzima kabla ya wakati. Mwishoni mwa giza lile ilikuwa zaidi ya saa mbili. Wakati ule nilijua tu kwamba adhana, iliyokuwa ikitukuta katikati ya njia, sasa ilitukuta tumekwisha kukaa mchangani. Nami nilijisifu. Nilimwambia mdogo wangu, "Unaona? Miguu yetu imezoea. Tunatembea kama watu wazima."

Tulikuwa wa kwanza kila siku. Wanawake wengine walitukuta pale tumejikunyata kando ya mtumbwi uliopinduliwa.

"He! Hao wameshafika. Nyie mnalala wapi, ndani ya ziwa?"

"Waache, Warundi hao ndio wanaomwamsha jogoo."

"Jogoo gani? Hawa wanamkuta jogoo bado yai!"

Walicheka, nami nilicheka pia, kwa sababu mwenye mali mmoja, mama mnene aliyekuwa na mitumbwi mitatu, alianza kunichukua bila hata kutazama wengine. Hakuna aliyeniambia kwamba ninawahi mno. Nani angemwambia mwenzake awahi kidogo, wakati nafasi ni ya aliyetangulia?

Mdogo wangu wa kike aliuliza, mara moja tu.

"Dada, mbona kiza hakiishi?"

"Wavuvi wamechelewa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Dagaa wamekwenda mbali."

Nililiamini. Nilikaa nikiwahurumia wavuvi wanaochelewa, huku taa zao zikiwa bado mbali ziwani, zimetulia, watu wakiwa katikati ya kazi yao.

Ulikuwa msimu wa mvua. Saa zile ziwa hupumua upepo wa baridi ambao mtu anayefika na mwanga haujui. Mvua ikinyesha njiani, tulikaa na nguo zilizolowa mpaka jua litoke. Kitenge cha mama kilikuwa kimebeba maji kama sifongo, na mtoto alikuwa ndani yake, mgongoni mwangu. Tumbo lake lilikuwa na joto kwangu. Mgongo wake ulikuwa kwenye upepo. Mimi niliusikia upande wa joto tu.

Bibi mwenye nyumba aliona. Nitalisema hili kwa sababu ni haki yake. Alinisimamisha jioni moja nilipokuwa nikichota maji.

"Weye mtoto, siku hizi mnatoka wezi ndiyo kwanza wanakwenda. Kuna nini?"

"Tunaamka na nyota, bibi."

"Nyota gani hiyo?"

"Ya mama."

Aliposikia neno mama hakuuliza zaidi. Angekuwa mtu mkali angenisukuma mpaka nikaelewa, lakini alikuwa mkali wa mdomo tu. Akasema, "Basi huyu mdogo niachie. Nimelea tisa, wa kumi atanishinda nini?"

"Hapana, bibi. Asante."

"Kwani nitamla?"

"Tumeambiwa tusitengane."

"Kutengana ni kulala ndani kwenye blanketi?"

Nilijitwika ndoo. Nilijua jibu langu na nilijua kwamba halitabadilika. Watu wa kwetu walikuwa wakinisifia kwa hilo tangu nikiwa mdogo, kwamba huyu akishika kitu ameshika.

Kikohozi kilianza kidogo. Kisha mbavu zikaanza kuingia ndani kila akivuta pumzi. Nilimpeleka zahanati, tukapewa dawa ya maji ya rangi ya waridi, na muuguzi akasema asipigwe na baridi. Nikasema ndiyo. Siku tatu tulikaa nyumbani wote, na siku ya tatu alikula ugali na mchuzi wa samaki mgebuka, akamvuta paka wa bibi mkia, tukafurahi. Siku ya nne unga ulikuwa umekwisha, na nilikuwa nimesikia kwamba yule mama mnene amechukua watu wengine. Nyota iliingia mwanyani. Nilimfunga kwa vitenge viwili badala ya kimoja, nikaona nimefanya nilichoambiwa na muuguzi.

Mvua haikunyesha alfajiri hiyo. Ulikuwa upepo peke yake.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, alianza kupumua kwa mabega. Bibi alimwita kijana wa baiskeli ya kukodi atupeleke hospitali, juu mlimani. Nilikaa nyuma na mtoto mapajani, mdogo wangu wa kike akikimbia kando yetu, mkono wake umeshika chuma cha kiti. Kabla ya kufika mlimani niliona kwamba mbavu zimetulia. Yule kijana aliendesha huku anahema.

"Mtoto kalala?"

"Kalala."

"Afadhali. Akilala anapumzika."

Nilimwacha aendelee kukanyaga, akipanda mlima mzima kwa miguu yake kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo. Hospitali walimchukua mikononi mwangu, wakamrudisha mikononi mwangu. Mdogo wangu wa kike alifika nyuma yetu, viatu mkononi, akanitazama usoni, akakaa chini kwenye sakafu.

Tulimzika Ujiji, pembeni ya mama. Wanaume wa msikiti wa jirani walichimba kaburi bila kuuliza dini yetu. Wakati ule sikuijua sababu ya kifo chake. Nilidhani ni kichomi, kama alivyosema daktari, na kichomi ni ugonjwa, na ugonjwa unakuja. Nililia kama mtu aliyefikwa na jambo. Sikulia kama mtu aliyelifanya. Ukiniuliza leo, kilio cha kwanza kilikuwa anasa.

Giza lile lilipoisha sikurudi tena mwaloni. Bibi alinipa kazi ya kumsaidia kukamua mawese na kuyauza, na mdogo wangu akamwandikisha shule kama mjukuu wake. Alikuwa na akili. Mimi niliyeishia mwaka wa tano nilijifunza kuandika Kiswahili kwa kunakili madaftari yake baada ya yeye kulala, ndiyo maana mwandiko wangu hadi leo unafanana na wake. Miaka ikapita hivyo. Bibi akafariki akatuachia kile chumba kwa maneno ya mdomo, na wanawe, watu wema, wakayaheshimu. Mdogo wangu akafika kidato cha nne.

Mwaka huo walikuwa wanasoma fizikia, na katika fizikia kulikuwa na habari za anga. Ilikuwa mwezi wa sita, baada tu ya magharibi. Mimi nilikuwa nasugua masufuria kwa mchanga uani, yeye amesimama na kitabu kifuani, anajikariria. Akainua kidole kaskazini.

"Dada, unaijua ile?"

"Ipi?"

"Ile ya chungwa. Mwalimu ametuonyesha. Ina jina la kigeni."

Alilitaja, sikulishika. Nilijua tu kwamba ni nyota ya mama, na moyo wangu ulifurahi kwamba hata shule wanaijua.

"Ni nzee," alisema. "Jua letu bado ni la makamo, ile imekwisha zeeka. Kuni zake za katikati zimekwisha, sasa inaunguza za pembeni. Ndiyo maana imevimba. Upana wake ni kama jua mara ishirini na zaidi. Na kwa kuvimba imepoa, ndiyo rangi ile."

"Imevimba kwa kuishiwa?"

"Ndiyo."

Niliwahi kuona waliovimba kwa kuishiwa, pale kwenye mistari tulipotua: watoto wa mashavu makubwa na miguu minene, ambao mtu asiyejua angewaita wanono. Nikaendelea kusugua.

"Na mwanga huu tunaouona leo," alisema, "umeondoka huko mama akiwa bado anabebwa mgongoni. Ndiyo kwanza unafika."

Hilo lilinipendeza, nikamwambia aseme tena. Akasema tena. Alikuwa na furaha ya mtu anayemfundisha mkubwa wake. Akafungua ukurasa mwingine, akausogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Halafu kuna hili, hili hutoka kwenye mtihani. Kila nyota huchomoza mapema kuliko jana yake. Dakika nne. Kila siku dakika nne, kwa sababu dunia inalizunguka jua. Kwa hiyo kwa mwezi mmoja ni saa..."

Akafunga kitabu.

Mimi nilikuwa bado na sufuria mkononi. Hesabu ya kuzidisha niliifika shuleni, hiyo niliiwahi. Nne mara thelathini. Nilizigeuza kuwa saa. Kisha nikaona yote kwa mara moja, bila mpangilio: adhana, wanawake wakicheka, taa za wavuvi zilizotulia mbali, ile nyeupe iliyokuwa imetutangulia sana. Mama alikuwa anajua. Alikuwa akibadilisha kwa sababu alikuwa anajua, na angenionyesha nyingine kama angefika giza lililofuata.

"Dada," alisema.

"Saa mbili," nilisema. "Kwa mwezi ni saa mbili."

Nilitazama juu. Ilikuwa palepale, imetulia, haina haya.

Hatukula usiku ule. Tulilala kila mmoja amegeukia ukuta wake, na kabla hapajapambazuka nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa amelala, "Mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona kila siku tunaingojea adhana mchangani kwa muda mrefu zaidi. Sikujua habari ya nyota, lakini nilijua tunawahi. Nilikuwa nahesabu misikiti tunayoipita bado kimya, ikawa yote. Nilikuuliza mara moja, ukasema wavuvi wamechelewa. Sikuuliza tena."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unafurahi kufika wa kwanza. Tangu mama afe hukuwa umefurahia kitu."

Ningeweza kusema maneno mengi hapo. Ningeweza kumwambia alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, kwamba hakuna wa kumlaumu. Ni kweli, na niliyasema, lakini niliyasema siku ya pili, na kwa jambo kama hilo siku ya pili ni kuchelewa. Ile alfajiri nilinyamaza, kwa sababu kwa muda mfupi, sijui mrefu kiasi gani, nilimchukia. Nadhani alisikia.

Baada ya hapo tukawa wapole mno. Tulianza kuambiana asante kwa kupeana chumvi. Hakutaja tena nyota wala somo la anga. Ila baada ya mtihani aliniambia mara moja kwamba lile swali lilitoka na alilijibu lote. Mimi nilikuwa nikiamka usiku nikisikiliza pumzi zake, yeye naye nadhani alikuwa akisikiliza zangu, na kati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mdogo ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia.

Aliposikia kwamba magari ya kuwarudisha watu Burundi yameanza, aliniambia akiwa anachana nywele, asinitazame. Shamba la baba lilikuwa bado lipo. Kuna shule zinatafuta walimu.

"Twende, dada."

"Nani atabaki naye?"

"Amekufa, dada. Yeye na mama. Hawajui nani yupo."

"Mimi najua."

"Mama alisema tusitengane."

"Ndiyo nakuuliza. Nitengane na yupi?"

Aliweka kitana chini. Alikuwa ametokwa na machozi lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Ukibaki hapa kwa ajili yake, kila siku nitakuwa naona unabaki kwa sababu sikuuliza mara ya pili."

"Sibaki kwa sababu yako."

"Najua. Lakini nitaona hivyo."

Nilifikiri kwa wiki mbili. Nilikwenda makaburini nikang'oa magugu, nikakaa. Hakuna nilichoambiwa huko. Nilijaribu kujiona kwenye gari, nikiona kilima cha makaburi kinapita, na kila nilipofika mahali kilima kinapotoweka sikuweza kuendelea. Nilikuwa nimekataa kumwacha mtoto yule ndani ya nyumba, kwenye blanketi, kwa saa chache, na kwa kukataa huko alikufa. Kumwacha sasa, moja kwa moja, kungekuwa na maana kwamba kumbe iliwezekana.

Siku ya safari tulikwenda pamoja hadi uwanja ambapo mabasi yalipangwa. Palikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti. Wasafiri upande ule, wasindikizaji upande huu. Alikuwa na begi moja na godoro. Nilimfunga lile godoro upya kwa sababu alikuwa amelifunga vibaya. Tulikumbatiana haraka, akapita chini ya kamba, akasimama kwenye mstari. Nilikwenda sambamba naye, mimi upande wangu, mpaka akafika mezani.

Kijana mwenye orodha hakuinua kichwa. "Kaya ya watu wangapi?"

Mdogo wangu alinigeukia. Alikaa kimya kwa muda ambao ungenitosha kuinama nikapita. Kamba ilikuwa imelegea, haikuhitaji hata kuinama sana. Mtu wa nyuma yake alikohoa. Nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

"Mmoja," alisema.

"Sema kwa sauti, dada, basi linanguruma."

"Mmoja."

Akaandika, akampa karatasi. Basi liliondoka jua likiwa limeshapanda. Nilirudi Ujiji kwa miguu, nikafungua mlango, nikakuta mdogo wangu amefagia kabla hatujatoka.